Swali la Saba

Fomu ina maswali kumi na mawili.
Miye kazi yangu kuuliza na kutia vema,
ndiyo au hapana, kisanduku hiki au kile,
wino mweusi, usitoke nje ya mstari.

Februari, mjini Košice, theluji imegeuka tope,
akaingia Aranka Žigová, miaka arobaini na mmoja,
Mroma, mfagiaji wa stesheni ya treni, zamu ya alfajiri.
Viti vya kungojea ni sita.
Alipokaa cha tatu, cha pili na cha nne vikawa vitupu.
Hakuna aliyesema neno. Koti moja tu lilikusanywa,
mkoba mmoja tu ukahama paja.

Unalala? Silali.
Unakula? Nikikumbuka.
Moyo hukwenda mbio bila sababu?
Akanitazama.
"Mbio, ndiyo. Bila sababu, hapana."
Sikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Swali la saba: unasikia sauti?

"Nasikia," akasema.
"Ya mlinzi wa duka la pale kona: fungua mkoba.
Siku hizi naufungua kabla hajatamka,
mkono umejifunza wenyewe.
Ya mwenye nyumba: kwenye simu, chumba kipo, karibu sana;
nilipopanda ngazi akaniona,
chumba kikapangishwa kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili.
Ya mwalimu aliyempeleka Dezider wangu darasa la wazito wa kichwa,
naye mtoto hunihesabia chenji kabla ya muuzaji.
Na ile ya kwenye basi, sijui ilikuwa ya nani.
Basi lote lilicheka.
Usiku ndipo hurudi. Hupanga foleni."

Niliandika: sauti, ndiyo.
Nikafuta. Nikaandika: sauti, hapana.
Nikafuta tena, karatasi ikatoboka papo hapo,
tundu dogo la duara, ukichungulia unaiona meza.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.
Hawakutuachia neno
la yule aliyeyaleta maradhi yake mchana kweupe,
akayatua juu ya kaunta,
akaambiwa: Novemba.

Maana daktari ni mmoja, Hudák,
naye macho yake mekundu kushinda ya wagonjwa.
Daftari langu limejaa. Nimeanza kuandika pembezoni.
Soma majina hayo mstari kwa mstari,
utautambua mtaa bila kuambiwa:
kule ambako bomba hufunguliwa saa mbili kwa siku,
ambako teksi hukata simu ikisikia anwani,
ambako watu huumwa na mwili u mzima.
Na hao ndio waliofika.
Wapo ninaowaona kupitia kioo cha mlango,
kofia wanavua, kofia wanavaa,
mkono kwenye kitasa,
halafu wanaondoka.

"Novemba," Aranka akarudia, taratibu,
kama mtu anayeonja chakula cha jana.
Hakugomba. Akauliza tu kama tarehe ile
itakuwa kabla au baada ya Siku ya Wafu,
maana siku hiyo huwa hana nafasi.

Baada, nikamwambia. Tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi.
Nikainama kutafuta muhuri
na hapo nikauona mkoba wangu
sakafuni, kamba yake nimeizungusha kwenye kifundo cha mguu.
Asubuhi ulikuwa juu ya meza.
Sikumbuki kuushusha.

Nilipoinua uso,
alikuwa akiitazama kamba.