Mshahara wa Shamba Lililolala

Ekari thelathini na mbili, kule chini kijitoni,
nimeziachisha kazi.
Barua ilikuja na jedwali lake:
dola kadhaa kwa kila ekari, miaka kumi,
hundi kila Oktoba,
na sharti: jembe lisiguse.

Nilitia saini kwa kalamu ya benki,
ile iliyofungwa mnyororo,
mkono ukinitetemeka kama wa mwizi.
Maana baba, Ludvik Hruska,
alilima hadi ukingoni, hadi tairi la nyuma
likaning'inia juu ya maji.
Pembe isiyolimwa, alisema,
ni mdomo usiolishwa.

Mwaka wa mafuriko udongo wetu ulisafiri,
mweusi, mnono, bila nauli,
ukaingia Missouri ukashuka kusini.
Baba alisimama barazani akautazama
kama mtu aonaye ng'ombe wake wakiswagwa
asijue wa kumshtaki.

Dukani kwa Zdenek wananunua mbegu na kunisengenya:
"Otakar siku hizi analipwa kulala."
Nacheka nao. Hundi ile
ilitibu nyonga ya Marta,
ikalipa riba ya trekta,
salio likanunua bati la banda la kuku.
Siwezi kusema nilifanya kwa mapenzi ya ndege.
Marta yuko jikoni, anasikia.

Lakini mchumia juani hulia kivulini,
na nani amechuma juani kuliko shamba hili?
Miaka tisini mgongo wazi,
mahindi, soya, mahindi, soya,
bila Jumapili.
Acha nalo lile.

Mwaka wa kwanza yaliota magugu tu,
nikaona haya kupita njia ya kanisani.
Wa tatu, nyasi zilinifika kifuani,
zile za zamani, ambazo babu alizikuta
na hakuuliza jina lake.
Kijito kikatulia. Ukiingia,
unahesabu vidole vyako vya miguu.

Sasa bei ya mahindi imepanda.
Radim, mwanangu, amepiga simu:
"Baba, mkataba unaisha Septemba."
Ana pacha wachanga, ana deni la nyumba.
Hesabu zake hazina kosa,
nimezirudia mara mbili nyuma ya bahasha.

Basi juzi nikashuka na kamba ya kupimia.
Chini ya kiatu changu akachomoka ndege
wa rangi ya nyasi, akiburura bawa,
akilia kama aliyevunjika,
akinivuta mbali na mayai yake.
Nilijua ananidanganya.
Nikamfuata.
Hatua kumi, ishirini, hadi kwenye uzio,
mzee wa miaka sabini na moja, kamba mkononi,
nikimfuata mwongo.
Hapo akaruka, bawa zima,
akaniacha.

Fomu iko mezani, chini ya kopo la chumvi.
Kalamu hii haina mnyororo.