Zamu ya Tatu

Kitufe cha kushambulia kimegeuka kijivu.
Nakibonya. Kimya. Nakibonya tena,
na mstari mwembamba unaibuka chini ya kioo:
*Kikosi hiki kimesimama juu ya ardhi isiyo yako.*

Saa tano za usiku, Cieszyn. Theluji inateleza vigaeni,
na ng'ambo ya mto Olza, katika nchi nyingine,
Vlastimil anacheka. Simsikii, lakini najua anacheka,
yule mwendesha ishara za reli, mstaafu,
asiyewahi kuharakishwa na treni wala na mke.

Mizinga yangu minne iliingia pembesita ya kinu
bila kuzuiwa na mtu. Bendera yangu inapepea pale.
Lakini rangi ya chini, ya udongo wenyewe,
bado ni kijani chake.
Kanuni ya kumi na nne: kuingia si kumiliki.
Mgeni siku mbili, anakula akiba yake,
anapigwa, hapigi.
Ya tatu ndipo udongo hugeuka,
na badala ya jembe
hupewa ruhusa ya moto.

Miaka thelathini na moja nilikaa masjala ya ardhi.
Nimeona waliozeekea nyumbani wakitolewa na karatasi moja,
na wenye karatasi wasiojua mlango unafungukia wapi.
Sikudhani mashine nayo ingenidai hati.

Zamu yake inafika saa sita kasoro.
Mizinga mitatu imekwenda.
Anapigania kwake, basi anaongezewa theluthi ya nguvu:
watu wake wanavijua vichaka,
wangu wanauliza njia.
*Ningeumaliza na wa nne,* ameandika,
*ila kile kilima ni cha watawa, hawana upande.
Risasi hairuhusiwi kupita juu yao.*

Nausogeza mzinga uliobaki hadi ukingo wa pembesita,
chini ya kivuli cha watu wasionijua.

Bibi yangu alilala Mpolandi au Mcheki, hakukumbuka,
akaamka shamba la viazi liko nchi nyingine.
Hakuhama hata hatua. Hakuna buti lililokanyaga tuta.
Udongo ulibadilishwa rangi mezani, mbali,
na hakuna aliyemwambia ilikuwa zamu ya nani.
Alivuka daraja na kibali mkononi
kwenda kupalilia vyake.

Zamu ya tatu.
Kinu kinageuka buluu, polepole, kama wino kwenye kitambaa.
Kitufe kinawaka chekundu.
Nabonya, bila shaka. Sijifanyi mtakatifu.
Nakosa shabaha.

Jumamosi nitavuka na chupa ya matango ya siki
tukagombane juu ya kanuni ya kumi na nne.
Darajani siku hizi hakuna anayeniuliza rangi.
Ila mlangoni kwa Vlastimil
nitafuta viatu, nisimame mkekani,
nisubiri aseme karibu.