Siku Tisini

Mezani kwangu mafaili hulala kiporo.
Hili lililala miaka mitatu na nusu.
Jina: Gulnora Yuldasheva.
Daktari wa uzazi, Namangan, miaka kumi na mmoja.
Kazi ya sasa: kiwanda cha bata mzinga,
zamu ya usiku, meza ya kukata mapaja.

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alinipigia,
sauti yenye adabu ya mtu aliyezoea kusimama mlangoni.
"Bi Verna, barua ya chuo imefika?"
Haijafika. Chuo kimebadilishwa jina,
msajili wake ameshazikwa,
na marehemu hajibu barua pepe.
Kanuni iliitaka sahihi yake vilevile.

Usinione katili.
Nilikuwa na miaka tisa, huku huku Dakota,
alipokuja mjini mtu mwenye koti jeupe
na cheti ndani ya fremu ya dhahabu.
Akampasua dada yangu Maren, kidole tumbo.
Cheti kilikuwa cha kughushi.
Kaburi ni la kweli.
Ndiyo maana nilipenda kufuli.
Ndiyo maana kila ukurasa niliusoma mara mbili,
na mara ya tatu kwa ajili ya Maren.

Ila kufuli haliulizi ni nani anayebisha.

Januari, wodi ya uzazi ya kaunti imefungwa mwaka wa pili,
Signe Brandvold akashikwa na uchungu
maili mia moja na kumi kutoka hospitali,
theluji ikiifuta barabara kama mwalimu afutavyo ubao.
Mumewe alisimamisha pikapu penye ghala la ngano
akapiga simu kiwandani,
maana mji mzima ulishajua
lile ambalo ofisi yangu ilikuwa bado inalihakiki.

Alikuja na aproni, damu ya bata mzinga viatuni.
Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.
Akanawa kwa theluji na chupa ya spiriti,
akaingiza mikono ile isiyo na leseni,
akageuza,
akangoja,
akangoja tena,
akapokea.

Kisheria, lile lilikuwa kosa.
Mtu akaleta lalamiko, kurasa mbili, limepigwa chapa vizuri.
Nililitia droo ya chini, chini ya soksi zangu za akiba.
Hilo nalo ni kosa. Langu.

Machi, bunge la jimbo likaketi.
Siku tisini, wakaandika, zisizidi.
Leseni ya muda, miaka miwili
chini ya jicho la daktari mwenyeji.
Sahihi ya maiti si lazima tena.
Seneta mmoja alisimama kupinga:
haraka, alisema, haina baraka.
Nami nilikuwa safu ya nyuma, koti mapajani,
nikamfikiria Maren, nikataka kumpigia makofi;
nikamfikiria Signe, mikono ikabaki juu ya koti.
Mimba haijui methali.
Huhesabu miezi yake, ikatoka.

Basi nikalifungua faili.
Nilisoma mara mbili. Nilisoma na ya tatu,
hiyo hakuna sheria itakayoninyang'anya.
Nikampata mkunga mstaafu huko Namangan
aliyemkumbuka hata kwa namna anavyofunga uzi:
"Mkono wa kushoto, fundo mara mbili. Ni yeye."
Siku ya hamsini na nane niligonga muhuri.
Wino ukanipaka kidole gumba.

Nikapiga simu. Akapokea mumewe, Rustam,
akinong'ona: amelala, zamu imeisha alfajiri.
"Nimwamshe?"

Nilitazama dirishani. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita,
behewa baada ya behewa, haina mwisho.
"Mwache alale," nikasema. "Usikate.
Safari hii nitangoja mimi."

Akaiweka simu juu ya meza.
Nikasikia birika likianza kuchemka,
mtoto akiulizia soksi yake ya pili,
na mlango wa chumba, taratibu, ukirudishwa.