Bei ya Kupanda

Mwalimu Cirhuza aliandika ubaoni:
kinachoshuka hushuka bure,
kinachopanda hulipiwa.
Alikuwa akisema juu ya seli, utando wake mwembamba,
chumvi inayosukumwa nje,
chembe tatu, ndipo mbili za aina nyingine ziingie.

Mimi nikaona Kadutu baada ya mvua:
maji yanateremka yenyewe mpaka ziwani,
hayamdai mtu,
na Mama Nsimire anayapandisha tena
bidoni kwa bidoni, kamba ikimkata paji la uso.

Asubuhi alikula bugali wa jana, wa baridi.
Sasa umo ndani ya miguu yake,
unaungua polepole, moto usio na moshi,
unavunjwa kuwa sarafu ndogondogo
zisizolala mfukoni hata usiku mmoja.
Franga zake pia hazilali.

Jioni nilimsomea daftari.
Akacheka, akijikanda mashavu ya miguu:
“Tatu zitoke, mbili ziingie?
Basi hiyo seli yenu
imepanga kwa Bwana Muderhwa kama sisi.”

Nikazima taa.
Gizani nikamsikia akipumua.
Amelala,
na bado anabeba.