Cheti cha Asili

Shati jeupe liko mezani pangu, ghalani Choloma,
linangoja nilitolee ushahidi:
pamba ilichumwa wapi, uzi ulisokotwa wapi,
kitambaa kilifumwa na nani.
Kifungo hakiulizwi. Kifungo ni mtoto wa jirani,
hula popote.

Mkataba unasema: kuanzia uzi na kuendelea
kila kitu kiwe chetu, sisi tulioshikana mikono.
Basi uzi unatoka Karolina kwa meli,
tunaushona, unarudi kwao bila ushuru,
kama mgeni aliyekula akaaga.

Zamani tulinunua kwa Bwana Chughtai wa Faisalabad.
Kitambaa chake kilikuwa bora, bei yake chini.
Bado ni bora. Bado ni chini.
Anakuwa ghali mlangoni tu.
Aliniandikia mara ya mwisho mwezi wa Ramadhani:
Nimekosa nini?
Nilifuta majibu matatu, nikatuma la nne:
Umekosa ujirani.

Eduviges wa laini ya tisa haijui Faisalabad.
Anajua kabla ya mkataba laini zilikuwa nne,
na mwanawe alikwenda shule na kandambili.

Geneva, nasikia, kuna meza ya ulimwengu mzima.
Nimeiona kwenye runinga: glasi za maji, vibao vya majina,
viti vimesukumwa nyuma.
Wenyewe wako varandani, wawili wawili,
wananong'onezana,
na kila mnong'ono hutoka na jina la uhuru.
Si uongo, ukuta unabomolewa.
Ila matofali hayatupwi.
Hupangwa upya upande wa kwa Chughtai.

Jumanne meneja Anduray aliingia bila kubisha.
Wakubwa wametia saini na nchi nyingine, mbali,
ambako mshonaji hulipwa nusu ya Eduviges.
"Upendeleo ukigawiwa wote," alisema, "umekwisha."
Usiku ule niliomba mlango usifunguliwe.
Mimi, niliyemwandikia Chughtai.

Sheria inavumilia ugeni kidogo:
asilimia kumi ya uzito.
Nageuza shati. Pindoni, kwa ndani,
mshono mmoja wa uzi wa krimu, bakaa la bunda la zamani.
Eduviges aliishiwa, akachukua ulio karibu.
Naupima kwa kidole.
Hauna hata uzito wa pumzi.

Napiga muhuri.