Rafu ya Mkalimani

Tulianza na viti.
Mia tatu na kumi na viwili, tuling'oa kimoja kimoja,
misumari imeganda sakafuni kama kupe,
na chini yake maganda ya karanga, kibanio cha nywele,
senti yenye tundu, jino la mtoto.
Bi Mwanamkuu akasema, visitupwe.
Akavitia vyote kwenye chupa ya jamu,
chupa akaiweka dirishani palipokatiwa tiketi.

Mimi seremala.
Mninga wa zamani ukiupiga randa unanukia
kama umekatwa jana.
Migongo ya viti ikawa rafu,
na vibati vya namba sikuvibandua:
mashairi yako J saba,
mapishi J kumi na moja,
sheria za ardhi kule mbele, daraja la tatu,
walikokaa wapiga miluzi.

Ngamiani nzima ilipita kuchungulia.
Wapo waliosema, vitabu! Vitabu huliwa?
Wapo walioegesha baiskeli, wakasimama tu
wakiutazama ukuta mweupe,
wakingoja.

Siku ya nne akaja Semkiwa,
kofia mkononi, kama aingiaye msibani.
Enzi zile za picha za Kihindi
ndiye aliyesimama ubavuni mwa pazia
akitufasiria kwa sauti:
"Sasa anamwambia, ukienda usirudi.
Sasa mama mtu analia, shamba limeuzwa."
Nasi tukalia. Watu walikuja na leso mbili.

Nikamsifu. Akacheka mpaka akashika rafu.
"Kihindi? Sikijui hata cha kuombea maji.
Nilitazama midomo, nikatia maneno yangu.
Yule mama hakuuza shamba.
Shamba lilikuwa letu, kule Pongwe.
Baba aliliuza kwa mabati sita."

Randa ikanisimama mkononi.
Mke wangu nilimposa kwa maneno ya picha ile,
neno kwa neno.

Bi Mwanamkuu akachukua chaki,
akasimama mbele ya rafu mbili,
hii TAFSIRI, ile HADITHI ZA KUBUNI,
akamtazama Semkiwa, akazitazama rafu,
chaki hewani.

Hajaandika mpaka leo.
Nimepigilia ubao katikati, mwembamba,
wa kitabu kimoja.
Semkiwa huja baada ya alasiri,
hukalia kiti pekee tulichobakiza,
husema, na binti mmoja wa Chumbageni huandika.
Jana binti akauliza:
"Babu, hili shamba, niandike limeuzwa?"

Akanyamaza. Akaugeukia ukuta.
"Andika," akasema,
"mapumziko."