Nusu Klachi

Nimeifunga kwa kitambaa cha mkate,
nimeipakata kama mtoto mwenye homa.
Hapana, mtoto hana uzito huu, wala hanuki
grisi na kitu kilichoungua.
Flaiwili ya Niva yako, Vahram,
kilo saba za chuma cha kusubu,
nimeitembeza katika theluji ya Gyumri
kutoka uani kwetu hadi kwa Hrachik mkerezaji.

Siku mbili tumelala chini ya gari, mimi na kijana wa Sirvard,
jeki moja, matofali manne, tochi mdomoni.
Giaboksi ilipotoka ilitoka kwa ghafla,
kama jino, ikanikalia tumboni.
Nilicheka. Theluji ikaniingia shingoni, nikazidi kucheka.
Boliti sita. Kabla ya kuzilegeza
nikaweka alama kwa rangi ya kucha, nyekundu,
ile uliyoniletea mwaka ule uliorudi Desemba
ukaondoka Machi.

Hrachik hakunisalimu. Alikisalimu chuma.
Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akapitisha ukucha wa kidole gumba
toka katikati kwenda ukingoni, polepole,
kama asomaye mwandiko wa mtu anayemfahamu.
"Unaona vidoa hivi vya buluu?
Hapa chuma kiliiva. Na hapa. Na hapa.
Nani alikuwa akiendesha kwa mguu nusu?"

Nikanyamaza.
"Kuna watu," akasema, "hawakanyagi wakafika,
wala hawaachii. Mguu uko juu ya pedali mlima mzima.
Wenyewe wanaona wanaupumzisha.
Kinachoungua kiko ndani, hakionekani."

Alisema habari za klachi tu. Najua.
Mzee yule hana habari nyingine.

Nilikutumia picha. Ukajibu kwa sauti, kutoka Rostov,
nyuma yako mashine ikikoroga zege:
"Mwambie akereze tu. Itatosha mpaka nije."

Basi akakereza.
Nyuzi za chuma zikajikunja zikituangukia miguuni,
za kijivu kwanza, kisha za kung'aa,
na uso wa flaiwili ukafunguka
kama kioo kinachofutwa ukungu.
Sehemu ya kumi ya milimita. Nyingine. Nyingine tena.
Buluu ikapungua, haikwisha.
Ndipo akazima mashine, akafuta kwa mafuta ya taa,
akaniita kwa kidole.

Ufa.
Mwembamba kuliko unywele wangu,
umetoka kwenye tundu la boliti
unaelekea ukingoni, haujafika.
"Ufa haukerezwi, binti. Nitaushusha, nao utanishukia.
Ikipasuka huko mlimani, kwa mizunguko elfu tatu,
itakata bati, itakata na miguu yako."
Akanirudishia nusu ya pesa. Nusu nyingine
akasema ni ya kuambiwa ukweli.

Nina madumu kumi na manne ya maziwa ya Ashotsk
kila siku kabla ya jua. Maziwa hayasubiri mpaka uje.
Nikatoa hela za buti zangu, na za makaa ya Februari,
nikanunua mpya, bado ina mafuta ya kiwandani,
na klachi yake, na boliti zake sita.

Jana nimepanda.
Pedali inashika mahali pengine sasa,
chini zaidi, bila kubembeleza;
mara tatu gari lilinizimikia
mbele ya wasichana wa kituo cha petroli.
Mguu wangu ulikuwa umejifunza pedali yako.
Kwenye kona ya nne nikaukuta uko juu,
nusu, umejikalia.
Nikauondoa.
Nikauweka sakafuni, ukatetemeka pale
kama mgeni asiyejua akae wapi.

Ile ya zamani usiiulize. Iko kwenye pipa la achari,
juu ya ubao, inakandamiza kabichi.
Kwa kazi hiyo ufa si neno.
Rangi ya kucha bado ipo.